Ukitaka kuuelewa mwaka wa Ayalandi, mfuate ng'ombe

Muulize Muayalandi majira ya kuchipua yanaanza lini, na wengi watakujibu bila kusita: tarehe 1 Februari. Siku hiyo ukichungulia dirishani ukiwa Dublin au Galway utaona manyunyu ya baridi, miti mitupu, na giza linaloingia saa kumi na moja jioni. Waingereza, majirani zao, husubiri hadi Machi. Na si majira hayo tu. Kwa Waayalandi kiangazi huanza 1 Mei, mavuno 1 Agosti, na kipupwe 1 Novemba. Hata majina ya miezi katika Kiayalandi yameishika hesabu hiyo: Septemba ni Meán Fómhair, yaani katikati ya mavuno, na Oktoba ni Deireadh Fómhair, mwisho wa mavuno.

Anayeanza kusoma habari za mila za kisiwa hiki hukwama hapo. Akisonga mbele kidogo anakuta mtakatifu ambaye pia anasemwa alikuwa mungu wa kike, sikukuu moja yenye tarehe mbili, na mikesha yenye uzito kuliko siku zenyewe. Mimi kilichonifungulia fundo hili ni jambo moja: kabla ya kutazama jua, na kabla ya kutazama kanisa, mtazame ng'ombe anafanya nini.

Ayalandi ya kale haikuwa nchi ya miji wala ya sarafu. Utajiri ulikuwa zizini. Sheria zao za zamani zilikadiria fidia na heshima ya mtu kwa idadi ya ng'ombe wa maziwa, na hadithi yao kuu inahusu vita vilivyopiganwa kwa ajili ya fahali mmoja. Sasa fuata maziwa. Mwanzoni mwa Februari kondoo huanza kuzaa, na maziwa ya kwanza hupatikana baada ya miezi ya ukame wa viwele. Mwanzoni mwa Mei nyasi zimepata nguvu, na mifugo hupandishwa malisho ya milimani, ambako vijana, hasa wasichana, waliishi vibandani miezi yote ya joto wakikamua na kutengeneza siagi. Agosti nafaka ya kwanza inakatwa. Novemba ng'ombe wanarudi chini. Wale ambao nyasi za akiba hazitawatosha wanachinjwa. Ndizo siku nne zenyewe: Imbolc, Bealtaine, Lughnasa na Samhain. Hadi karne ya 19 kodi ya shamba ililipwa nusu Mei na nusu Novemba, na wafanyakazi wa mashambani waliajiriwa kwa mihula hiyo hiyo.

Juu ya kalenda hiyo ya zizi likaja kanisa, kuanzia karne ya 5, na watakatifu wake wakaketi palipokuwa tayari na mkusanyiko wa watu. Kisha mwaka 1752 ikaja serikali: ili kuhamia kalenda mpya ya Gregori, siku 11 zilifutwa mwezi Septemba. Watu wengi hawakukubali kwamba ng'ombe, nyasi na wafu nao wamehama siku 11, wakaendelea kuzishika tarehe za zamani. Hapo ndipo zilipotoka sikukuu zenye siku mbili.

Kuhusu mikesha, msomaji wa pwani yetu hana haja ya maelezo marefu. Kwetu usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Siku huanza jua likizama. Waayalandi wa kale walihesabu vivyo hivyo. Kwa hiyo mambo mazito ya Samhain hufanyika usiku wa 31 Oktoba, na ya Februari hufanyika usiku wa 31 Januari. Kwa hesabu yao hawakuwa wakiitangulia sikukuu. Walikuwa wameshaingia ndani yake.

Usiku huo wa 31 Januari ni wa Brigid, yule mtakatifu anayesemwa pia alikuwa mungu wa kike. Katika kaunti ya Donegal na sehemu nyingine za kaskazini, msichana wa nyumbani alitoka nje gizani akiwa amekumbatia mzigo wa majani membamba marefu yanayoota penye majimaji. Majani hayo yalikuwa yameng'olewa kwa mkono; kisu hakikuruhusiwa kuyagusa. Alibisha mlango na kuwaambia waliomo ndani wapige magoti, wafumbue macho, wamruhusu Brigid aingie. Wao wakamjibu: karibu, karibu. Mara tatu hivyo, ndipo akaingia. Majani yakawekwa chini ya meza, watu wakala viazi vilivyopondwa kwa siagi, na baada ya chakula wakakaa kusuka misalaba.

Nimeutazama msalaba huo ukisukwa, na mkono uliozoea ukili utaujua mwendo wake upesi. Unashika jani moja wima. La pili unalikunja katikati ulikumbatie la kwanza, kisha unageuza robo mzunguko. La tatu linalikumbatia la pili, unageuza tena, na kila jani jipya linamkaba aliyemtangulia asichomoke. Baada ya majani kama ishirini, katikati pamejitokeza mraba uliokazana na mikono minne imechomoza, kila mmoja ukiwa umejitenga kidogo na mstari wa mwenzake, kana kwamba kitu chote kinazunguka. Unafunga ncha kwa uzi. Mmoja unawekwa juu ya mlango au kwenye boriti ili nyumba isishike moto, mwingine zizini. Nyumba zilikuwa za kuezeka kwa nyasi na moto ukiwaka sakafuni usiku kucha, kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya bure.

Usiku huo huo kitambaa kiliachwa nje, kwenye kichaka au dirishani, ili Brigid apitapo akiguse. Kiliitwa brat Bríde. Kiliwekwa mwaka mzima kwa ajili ya maumivu ya kichwa, kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na kwa ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Mwanamke na ng'ombe, kitambaa kimoja.

Je, Brigid ni mtakatifu au mungu wa kike? Hapa watu wengi hukata shauri haraka: alikuwa mungu wa kike, kanisa likamvisha shela. Huenda ni kweli, lakini tazama maandishi yalivyo. Maisha ya mtakatifu Brigid wa Kildare yaliandikwa na mtawa aitwaye Cogitosus katika karne ya 7. Mungu wa kike Brigid, binti wa mungu Dagda, mlezi wa washairi, pamoja na dada zake wawili wenye jina hilo hilo, mmoja wa uganga na mmoja wa uhunzi, anatajwa katika kamusi ya maneno magumu inayohusishwa na Cormac, mfalme na askofu wa Cashel, karibu mwaka 900. Maandishi ya mtakatifu ndiyo ya zamani zaidi. Wote wawili tumewapokea kutoka mikononi mwa Wakristo waliojua kusoma, kwa hiyo hakuna njia ya kumchambua mmoja kutoka kwa mwenzake bila kupasua kitambaa. Ninachojua ni muujiza ambao Cogitosus anausimulia mapema kabisa: Brigid kijana alitumwa kutengeneza siagi, akaigawa yote kwa maskini, na ulipofika wakati wa kupimwa, siagi ilikuwapo tele. Tumerudi palepale, kwenye maziwa.

Huko Kildare watawa wa kike waliutunza moto usiozimwa. Mwandishi Gerald wa Wales alisikia habari zake katika karne ya 12. Mwaka 1993 masista wa shirika la Brigid waliuwasha tena. Na tangu 2023 Brigid ana siku ya mapumziko ya kitaifa, ya kwanza Ayalandi kupewa jina la mwanamke. Nadhani imechelewa sana.

Patrick, mtakatifu wa 17 Machi, nitampitia haraka, maana sifa zake zimeshafika kila mahali. Gwaride lake, ambalo wengi hudhani ni mila ya kale ya Ayalandi, lilikuzwa na wahamiaji. New York waliandamana tangu 1762. Nyumbani ilikuwa siku ya misa, ya kubandika shamrock, jani dogo la pande tatu, kofiani na kupata ruhusa ya kula vizuri katikati ya Kwaresima. Jina lake limefika mpaka bonde la ufa: shule ya St. Patrick's ya Iten, iliyowalea wakimbiaji wengi wa Kenya, ilianzishwa na mabruda wa shirika la Patrick, na shirika hilo pamoja na lile la masista wa Brigid yaliundwa na askofu mmoja, Daniel Delany, katika mji mdogo wa Tullow, mwaka 1807 na 1808.

Kwaresima yenyewe ilileta jambo linaloonyesha vizuri jinsi kalenda zilivyogongana. Ndoa hazikufungwa katika Kwaresima, kwa hiyo majuma ya kabla yake yalikuwa msimu wa harusi, na aliyebaki bila mwenzi alitaniwa kwelikweli. Magharibi ya kaunti ya Kerry kuna mwamba baharini, Skellig, uliokuwa na watawa zamani. Ilisemekana huko walishika kalenda ya zamani, hivyo Kwaresima yao ilichelewa. Basi wale makapera na wasichana waliopitwa wakaambiwa: bado mnawahi, pandeni mashua ya Skellig! Watunzi wa vijijini waliandika orodha za mashairi wakipanga nani atasafiri na nani, na zikasambazwa mitaani.

Bealtaine, 1 Mei, ndiyo siku ninayoipenda kuieleza, kwa sababu inatazamwa kama sikukuu ya maua na furaha, na ilikuwa siku ya wasiwasi mkubwa. Kamusi ile ya Cormac inasema madruidi, makuhani wa kale, waliwasha mioto miwili na mifugo ikapitishwa katikati ili isipatwe na maradhi. Mapokeo yanauweka moto mkuu kwenye kilima cha Uisneach, katikati ya kisiwa, na moto huo huwashwa tena siku hizi. Lakini katika nyumba za kawaida vita vilikuwa juu ya siagi.

Fikiria hali yenyewe. Mtungi wa kusukia siagi una jasho la siku nzima. Unasukasuka maziwa, mkono unachoka, na siagi haiji. Leo tungesema joto halikuwa sawa au chombo hakikuwa safi. Wao walisema mtu ameiba. Jirani mwenye kijicho angeweza kuichukua "bahati ya maziwa" ya mwaka mzima alfajiri ya 1 Mei: kwa kukokota kitambaa juu ya umande wa malisho yako, kwa kuteka maji ya kwanza ya kisima chako, au kwa kupata kaa la moto kutoka jikoni mwako. Kwa sababu hiyo siku hiyo hakuna kilichotoka nyumbani: si moto, si maziwa, si chumvi. Aliyekuja kuomba kaa la kuwashia kiko alitazamwa kwa jicho baya. Aliyeingia wakati siagi inasukwa alitakiwa ashike mchi asukume kidogo, aonyeshe kwamba nia yake ni njema. Na zilisimuliwa hadithi za sungura aliyekutwa akinyonya ng'ombe, akapigwa jeraha mguuni, kisha kikongwe wa kijiji akakutwa kitandani akivuja damu mguu ule ule. Aliyekulia mahali panapojua husuda ni nini hatacheka. Familia iliyokuwa na ng'ombe wawili ililipia kodi kwa siagi. Siagi ikikataa, nyumba inakwenda.

Maua ya njano yaliyotawanywa kizingitini siku hiyo yalikuwa kinga. Rangi yenyewe inasema: njano ya siagi. Na mti wa miiba ulioning'inizwa riboni na maganda ya mayai mlangoni, hasa mashariki ya nchi, ulikuwa kinga pia kabla haujawa pambo.

Usiku wa 23 Juni, mkesha wa Yohane Mbatizaji, mioto inawashwa tena, hasa magharibi na katika jiji la Cork. Vijana waliruka juu ya makaa, na kijinga cha moto kilitupwa kila shamba. Kuhusu usiku huu sina mengi ya kufumbua, unajieleza.

Kisha ukaja mwezi mgumu. Julai waliuita Iúil an Chabáiste, Julai ya kabichi. Viazi mviringo, vile ambavyo watu wa Kampala mpaka leo huviita "Airishi", vilikuwa vimekwisha ghalani, na vipya bado ni vidogo ardhini. Kuvichimba mapema ilikuwa dalili ya mkulima aliyeshindwa. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini Jumapili ya mwisho ya Julai ilikuwa na furaha kubwa hivyo: ndiyo siku ya kuchimba. Watu walikula viazi vipya mpaka wakashiba, kisha wakapanda vilimani, vijana wakachuma matunda madogo ya zambarau yaitwayo fraocháin na kutafutana wachumba. Hiyo ndiyo Lughnasa ya 1 Agosti, ikishikwa Jumapili iliyo karibu nayo: sikukuu ya Lugh, mungu wa kale ambaye mapokeo yanasema alianzisha mashindano ya Tailtiu, huko Meath, kwa heshima ya mama aliyemlea. Mtafiti Máire MacNeill alichapisha mwaka 1962 uchunguzi mkubwa wa mikusanyiko hii kisiwa kizima. Mahali pengi jina la Lugh lilikuwa limesahauliwa kabisa, lakini miguu ya watu bado ilijua njia ya kilimani. Jumapili hiyo hiyo maelfu ya mahujaji hupanda Croagh Patrick, mlima wa mita 764 huko Mayo, wengine wakiwa peku juu ya mawe makali. Na Killorglin, huko Kerry, kuanzia 10 hadi 12 Agosti, beberu wa porini huvishwa taji na kuinuliwa juu ya jukwaa refu, mfalme wa gulio ambalo hati yake ni ya mwaka 1613.

Halafu Samhain, ambayo usiku wake wengi leo wanaujua kwa jina la Halloween. Hapa ndipo penye upotoshaji mwingi, basi twende polepole. Samhain si jina la mungu wa wafu. Hakuwahi kuwapo mungu wa namna hiyo katika maandishi ya Kiayalandi, ni dhana ya wasomi wa karne ya 18. Wala hatuna ushahidi imara kwamba ilikuwa "mwaka mpya wa Wakelti", jamii za kale ambazo Waayalandi huhesabiwa miongoni mwao. Hilo lilipendekezwa na msomi John Rhŷs katika karne ya 19, likarudiwa hadi likawa kama kweli. Tulicho nacho ni hadithi za kale ambamo usiku huu vilima vya aos sí, viumbe wanaokaribiana na majini ya kwetu, hufunguka. Pango la Rathcroghan, Roscommon, linatajwa kama mlango wao. Na tuna mila za nyumbani. Mlango haukukomewa, kiti kiliachwa karibu na moto, na chakula kikaachwa mezani kwa ajili ya wafu wa familia. Siku mbili baadaye kanisa linawaombea marehemu wote, na mtu wa kawaida hakuona mgongano wowote.

Mezani kulikuwa na bairín breac, mkate wa zabibu kavu wenye madoadoa. Mpaka leo unauzwa na pete ndani yake, imeviringishwa kwenye karatasi. Zamani vilikuwemo vitu zaidi. Kisu kinashuka, kila mtu anapewa kipande chake, na hakuna anayetafuna kwa haraka. Pete ni ndoa kabla mwaka haujaisha. Sarafu ni mali. Kitambaa ni umaskini. Njegere ni kubaki bila ndoa. Kijiti ni ndoa ya kipigo. Ni mchezo wa watoto, lakini katika nyumba yenye mabinti wanne na shamba la kumtosha mmoja, wazazi walitazama kila mdomo.

Siku 11 zile zilizofutwa mwaka 1752 zinajitokeza tena hapa: 31 Oktoba ya zamani iliangukia 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin. Mkesha wake jogoo au bata bukini alichinjwa, na damu ikanyunyizwa kizingitini na kwenye pembe za nyumba. Ni machinjo ya kuingia kipupwe, yenye jina la mtakatifu. Tarehe 26 Desemba wavulana wa Dingle hutoka na mavazi ya nyasi kavu, ngoma na filimbi, wakimwinda dreoilín, ndege wa gramu 10 hivi anayeitwa mfalme wa ndege wote kwa sababu, katika mashindano ya kuruka juu, alijificha mgongoni mwa tai, na tai alipochoka yeye akaruka juu zaidi. Siku hizi hakuna ndege anayeuawa. Tarehe 6 Januari ni Nollaig na mBan, Krismasi ya wanawake: mume apike, aoshe vyombo, na mke aketi na wenzake. Cork na Kerry hawakuiacha kamwe.

Mtandaoni utakutana na gurudumu la sherehe nane, zikiwemo siku za jua kusimama na za mchana kulingana na usiku, likiitwa la Kikelti. Gurudumu hilo liliunganishwa Uingereza katikati ya karne ya 20. Hadithi ya kale ya uchumba wa shujaa Cú Chulainn inataja siku nne tu. Kweli, kaburi la Newgrange, lililojengwa karibu miaka 5,200 iliyopita, hupokea jua la Desemba ndani kabisa ya chumba chake. Lakini waliolijenga waliishi muda mrefu kabla lugha ya Kiayalandi haijafika kisiwani.

Mengi ya haya ya nyumbani tunayajua kwa sababu ya watoto. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Mapokeo ya Ayalandi iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi, wapatao 50,000, wawaulize wazee wao na kuandika waliyoambiwa. Kurasa zao, karibu 740,000, zimo mtandaoni leo, na mwandiko wa mtoto wa miaka kumi na miwili unakueleza siagi ya bibi yake ilivyoibwa.

Na mwaka 1943 mwalimu mmoja wa Fintown, Donegal, aliipelekea makumbusho ya taifa taa ya usiku wa Samhain iliyochongwa ndani ya tanipu, mzizi mgumu kuliko boga. Boga la Halloween ni la Marekani, wahamiaji walilikuta huko. Mwalimu alieleza kwamba kwao taa za namna ile hazikuwa zikichongwa tena, lakini zilikumbukwa. Tanipu lilikuwa limeanza kuoza, hivyo makumbusho ikalitengenezea umbo la plasta. Lipo mpaka sasa Turlough Park, karibu na Castlebar, Mayo: kichwa kidogo kilichosinyaa, macho yaliyofinywa, na meno machache yamechongwa moja moja.